Mirambo wa Ukutani: Nani Kamvisha Ngozi ya Chui?

Ndugu msomaji, ukishuka basi pale Tinde, barabara ya kutoka Nzega inapogawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Isaka na Kahama, utaona mgahawa mmoja wenye picha kubwa ukutani. Ni ya mtu mrefu, kifua wazi, ngozi ya chui kiunoni, mkuki mkono wa kulia, ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe kushoto. Chini yake pameandikwa: MTEMI MIRAMBO. Nimekula wali maharage chini ya picha hiyo likizo nyingi. Kifani, mchoraji si mchezo: yale macho yanakufuata mpaka mlangoni. Tatizo liko kwenye mavazi na silaha, na makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba tatizo hilo si dogo.

Mirambo, ambaye jina lake la awali ni Mtyela Kasanda, alijenga dola yake Urambo, magharibi ya Tabora, mpaka alipofariki Desemba 1884. Mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Stanley, yule mwandishi na msafiri, alikuwa upande wa Waarabu katika vita hivyo. Mwaka 1876 wakakutana ana kwa ana, na Stanley akaandika kwamba Mirambo alikuwa mpole wa sauti, kavaa kama Mwarabu mwenye mali: kilemba, fezi na joho. Ndiye huyo huyo aliyemlinganisha na Bonaparte.

Mtu atauliza: ati tumwamini Stanley? Ni shahidi mwenye maslahi yake, na maandishi yake mengi yanawadharau Waafrika. Kweli. Lakini hebu tufikiri. Alitegemea kukutana na jambazi. Kama angetaka kutunga, angetunga ngozi na mkuki, maana wasomaji wake Ulaya ndicho walichotaka. Shahidi anayesema jambo lililo kinyume na matarajio yake mwenyewe anastahili kusikilizwa.

Na jeshi je? Rugaruga wa Mirambo walikuwa vijana waliokatika na kwao: mateka, watoro, wapagazi, watafuta bahati, si mbali sana na hawa wanaomiminika leo machimboni Geita. Walijipamba kwa nguo nyekundu na manyoya ya ndege, na wengi walibeba magobore. Bunduki na baruti zilipatikana kwa pembe za ndovu. Kwa hiyo bunduki katika picha ya Mirambo si pambo. Ndiyo habari yenyewe: biashara ya masafa marefu, njia za misafara, siasa za Unyanyembe na Unguja. Ukiifuta bunduki umeifuta karne ya kumi na tisa.

Haki itendeke, lakini. Ngao ile haikuanguka toka mbinguni. Watuta, tawi la Wangoni, walifika huku kwetu katikati ya karne hiyo na kukaa hadi upande wa Kahama. Mbinu zao za vita zilimfunza Mirambo mengi. Na ngozi za wanyama wakali zilikuwa na nafasi yake katika heshima za utemi. Ila nahisi mchoraji wetu hakupitia huko. Nahisi alipitia mkanda wa Shaka Zulu wa mwaka 1986.

Sasa wapo watakaosema msanii si mwanahistoria. Ebrahim Hussein katika utangulizi wa Kinjeketile (1969) alitutahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia. Nakubali. Hata Ulaya, Altdorfer alipochora mwaka 1529 vita vya Alexander wa Makedonia pale Issus (333 K.K.), aliwavika askari deraya za chuma za zama zake mwenyewe. Ni kosa la kihistoria, tena la wazi. Lakini angalia kosa hilo linafanya kazi gani: linamleta Alexander karibu na mtazamaji. Kosa la Tinde linamsukuma Mirambo mbali, kwenye pori lisilo na tarehe, ambako Mwafrika hana duka, hana mkataba, hana baruti. Mchoraji alikusudia sifa, akatoa picha ile ile ya vitabu vya wakoloni.

Plutarch anasimulia kwamba Apelles alimchora Alexander ameshika radi mkononi, na mchonga sanamu Lysippos akamlaumu: yeye alimpa mkuki, kwa sababu utukufu wa mkuki ni wake kweli. Hilo ndilo ombi langu. Mpeni Mirambo kilicho chake.

Likizo iliyopita nilimuuliza mwenye mgahawa, "Shikamoo mama. Hivi kwa nini Mirambo hana bunduki wala kilemba?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Ukimchora na kilemba wateja watadhani ni Mwarabu. Nani atajua ni wetu?"

Nilikosa jibu, nikalipia chai yangu. Lakini nimelifikiri tangu siku ile, na ninaona kwamba mama yule alitamka nadharia nzima ya sanaa: mtu ni wetu pale tu anapofanana na picha tuliyochorewa na wengine. Mirambo alivaa joho na akabaki Mnyamwezi, akawapiga waliovaa majoho kama yeye. Kama ukuta wetu hauna nafasi ya mtu wa namna hiyo, basi wa kusahihishwa si mchoraji peke yake. Ni sisi tunaokula chini ya picha hiyo.