Kabla Mkataba Haujatumwa

Mkataba umekamilika, mteja anapiga simu kuuliza umefikia wapi, na wakili mwenyewe ameshavaa koti. Ndipo kazi ya msafishaji wa nyaraka, anayeondoa taarifa zilizofichika kwenye faili, inapoanza, na mimi hupenda kumtazama, maana haamini chochote anachokiona kwenye skrini.

Faili la Word la siku hizi ni kifurushi cha zipu. Ukilifungua hivyo, unakuta mafaili madogo ndani. Moja, core.xml, linamtaja aliyeanza kuandika, aliyehifadhi mara ya mwisho, tarehe na saa. Jingine linabeba maoni ya pembeni. Na kama mabadiliko yalikuwa yakifuatiliwa na hayajakubaliwa, maneno yaliyokatwa bado yamo, neno kwa neno: pengine bei ya chini kabisa ambayo mteja angeikubali. Upande wa pili ukiisoma hiyo, mteja wako hana tena cha kujadili.

Wengi huzima tu mwonekano wa mabadiliko, wakaridhika. Lakini kuficha si kufuta. Septemba 2008, benki ya Barclays iliponunua sehemu ya biashara ya benki iliyofilisika ya Lehman Brothers huko New York, orodha ya mikataba katika Excel ilishughulikiwa usiku kwa haraka, saa sita ikiwa mwisho wa kuiwasilisha mahakamani. Mikataba 179 isiyotakiwa ilikuwa imefichwa, haikufutwa. Faili lilipopangwa upya na kugeuzwa PDF, ikajitokeza yote, na mawakili wa Barclays wakalazimika kurudi kuiomba mahakama iwaondolee mzigo huo. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, mshauri wa siasa wa Marekani, waliyafunika maneno ya siri katika hati ya mahakama kwa mistari myeusi. Walioisoma hati hiyo wakayanakili, wakayabandika kwingine, wakayasoma.

Msafishaji mzuri haligusi faili asili. Majina na tarehe zile huenda zikawa ushahidi kesho, na kuzifuta ni balaa jingine. Hufanya kazi kwenye nakala. Huiachia programu ya Word ikague kwanza, kisha hupita mwenyewe: vichwa vya kurasa, karatasi za Excel zilizofichwa, picha zilizopunguzwa kingo ambazo sehemu iliyokatwa bado imo. Mwisho hutafuta jina la mteja wa zamani, kwa kuwa mikataba mingi huandikwa juu ya mgongo wa mkataba mwingine, na jina lile hubaki kwenye sifa za faili. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: anamlinda mtu ambaye hata hayumo kwenye jalada hilo.