IMS III: Waya Kabla ya Picha

Nimeupitia tena mpango wa IMS III, jaribio la kiharusi lililolinganisha dawa ya kuyeyusha donge peke yake na dawa hiyo pamoja na katheta, na kama kawaida nimekwama palepale, kwenye masharti ya kuingiza wagonjwa. Ili mtu wa kiharusi apangiwe upande kwa kura, ilitosha awe na alama 10 au zaidi kwenye NIHSS, mizani ya ukali wa kiharusi, awe ameanzishiwa dawa ya kuyeyusha donge ndani ya saa 3, na CT skani ya kawaida isionyeshe damu iliyovuja. Picha ya mishipa yenyewe haikuwa sharti. Lilikuwa kosa, tena la msingi.

Mfuate mgonjwa mmoja. Kaletwa mkono umelegea, maneno hayatoki, alama zake tuseme 14. Kura inamwangukia upande wa katheta. Kinena kinatobolewa, katheta inapanda aota hadi shingoni, dawa ya rangi inamiminwa, na ateri inaonekana wazi mpaka mwisho. Donge limeshayeyushwa na dawa, au lilikuwa kwenye kitawi ambacho katheta haifiki. Hana cha kufanyiwa, lakini katika hesabu anabaki upande wa katheta, kwa kuwa kila mtu huhesabiwa pale kura ilipomweka. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ndiyo ya haki. Ugomvi wangu uko mlangoni. Waliopangiwa katheta walikuwa 434. Waliotibiwa kweli ndani ya mshipa ni 334. Wengi wa wale 100 waliobaki walifikishwa chumbani, wakachunguzwa, pasionekane ziba la kuondoa.

Watetezi husema jaribio lilianza 2006, na CT angiografia, yaani picha ya mishipa, haikuwapo kila hospitali, sembuse usiku wa manane. Ningelikubali hilo kama si marekebisho yaliyokuja katikati ya safari: wenye alama 8 au 9 wakaruhusiwa, mradi CT angiografia iwe imeonyesha ateri iliyoziba. Basi walijua! Mwenye alama 9 akadaiwa picha, mwenye 10 akapita bila kuulizwa. Kati ya wagonjwa 656, ni 306 tu waliopigwa picha hiyo mwanzoni. Nimelisema hili miaka mingi na nitalirudia: NIHSS hupima udhaifu wa mwili, haipimi mshipa.

Jaribio lilisimamishwa 2012 kabla ya kufikisha wagonjwa 900 waliokusudiwa. Februari 2013, huko Honolulu, tukasomewa asilimia 40.8 waliobaki wakijitegemea upande wa katheta, dhidi ya 38.7 waliopata dawa peke yake. Joseph Broderick, kiongozi wa jaribio, na wenzake waliripoti kwa uaminifu, na suala la usalama walilishughulikia vizuri.

Maelezo yaliyotembea sana baada ya hapo ni kwamba mafundi wa katheta walichelewa. Linganisheni na jaribio la MR CLEAN la Uholanzi: hospitali 16, wagonjwa 500, na sharti la kwanza ni ziba lionekane kwenye picha. Kinena kilitobolewa yapata dakika 260 baada ya kiharusi kuanza. IMS III ilikuwa kama dakika 208. Waliochelewa zaidi ndio walioshinda, asilimia 32.6 dhidi ya 19.1. Najua stenti za kunasa donge zilichangia sana, kwani IMS III ilitegemea zaidi vifaa vya kizazi cha nyuma. Lakini hata stenti iliyo bora kuliko zote hainasi donge lisilokuwepo.

Ndiyo maana kila mara namrudia mwanaradiolojia Charles Dotter. Tarehe 16 Januari 1964, Portland, alikuwa na mama wa miaka 82 mwenye gangrini mguuni. Madaktari wa upasuaji walitaka kuukata, mama akakataa. Angiografia ilikuwa imeonyesha ateri ya paja imebana sehemu fupi, na Dotter alijua pa kwenda kabla hajashika waya. Akapitisha katheta nyembamba, kisha nene juu yake, njia ikafunguka. Mama akautembelea mguu wake mpaka alipofariki, yapata miaka miwili na nusu baadaye. Wakati huo mwanaradiolojia alionekana mpiga picha wa kuwahudumia wengine, na Dotter aliitwa Charlie kichaa. Daktari Grüntzig naye alipoingiza puto kwenye ateri ya moyo mwaka 1977, utaratibu ulikuwa uleule: mbano umeonekana, ndipo waya ukaingia.

Matokeo ya Honolulu yalipokewa na wengi kama hukumu dhidi ya katheta yenyewe. Waholanzi hawakutetereka. Tangu 2013 nchi yao ililipia tiba hiyo kwa hospitali zilizo ndani ya jaribio tu, wakaendelea kuandikisha wagonjwa, na Oktoba 2014 wakasoma matokeo yao Istanbul. Katikati hapo ilipita miezi 20, na kwa miezi yote hiyo ushahidi mzito zaidi uliokuwa mezani ulitoka kwenye jaribio ambalo zaidi ya nusu ya wagonjwa wake waliingia bila mtu kuitazama kwanza mishipa yao.