Pongezi kwa Fundi Anayepima Kwanza

Umeme ukirudi kwa kishindo na kompyuta ya mezani ikazimika, wengi husema imeungua yote, inunuliwe nyingine. Fundi hodari haikubali hukumu hiyo kabla ya kupima, na kwa hilo anastahili pongezi. Huichomoa pawa saplai kwenye madabodi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, akasoma mita: waya wa njano ukitoa chini ya volti 11.4 au zaidi ya 12.6, pawa saplai hiyo ni mbovu. Volti zikiwa sawa, bado huijaribu ikiwa na mzigo. Wapo wanaodai kubahatisha vipuri ni haraka zaidi; lakini pawa saplai mbovu yaweza kuunguza hata madabodi mpya. Mlipeni fundi ujira wa kupima, hata asipobadilisha kitu.