Friji ya Nyumbani Ndani ya HiAce

Katika mfumo mzima wa umeme wa jua uliofungwa kwenye ile Toyota HiAce iliyogeuzwa makazi, ambayo wasomaji wengi wameshaitazama ikijengwa kutoka sakafuni hadi paani, uamuzi uliokosewa ni mmoja tu, nao ndio ulioyaburuta mengine yote: friji iliyonunuliwa ni ya nyumbani, inayotumia mkondo geu wa volti 240, na ili friji hiyo iwake ikabidi inveta ya wati 2,000 ikeshe nayo kila usiku. Inveta ni kifaa kinachochukua mkondo mnyoofu wa betri, yaani umeme wa volti 12 unaokwenda upande mmoja, na kuugeuza kuwa mkondo geu kama ule wa soketi ya ukutani, na kazi hiyo haifanyiki bure.

Gharama ya kwanza ni ile isiyoandikwa kwenye boksi. Inveta ya ukubwa huo, hata ikiwa haikuchomekwa chombo chochote, hula takriban wati 20 kwa kuwa imewashwa tu, na ikiachwa hivyo kwa saa 24 huwa imekula wati-saa 480, wati-saa moja ikiwa ni umeme wa wati moja uliotumika kwa muda wa saa moja. Friji yenyewe, ndogo ya mlango mmoja, ikikadiriwa kwa huruma itahitaji wati-saa 500 kwa siku, na katika kuzigeuza hizo 500 inveta hupoteza kama asilimia 10, ambazo ni 50 nyingine. Kwa hiyo kuyaweka maziwa na nyama katika ubaridi kunagharimu wati-saa 1,030, ambazo zaidi kidogo ya nusu yake haziingii katika friji kabisa. Taa, feni ya paa, simu na kompyuta mpakato zikiongezwa kwa wati-saa 250, mahitaji ya siku hufika 1,280.

Upande wa mapato, paneli ni ya wati 200. Ikipewa saa tano za jua kamili, kipimo ambacho mafundi wa Kenya hukitumia kwa kawaida, na ikipunguziwa asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na upotevu wa ndani ya betri, paneli hiyo huleta wati-saa 700. Pengo la wati-saa 580 kwa siku haliwezi kuzibwa na matumaini. Betri ya jeli, ambayo ni aina ya betri ya risasi, ya ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwa hesabu ya karatasi, lakini betri ya risasi isiyotakiwa kufa mapema hutumiwa nusu tu, yaani 1,200, na nusu hiyo inakwisha mwishoni mwa siku ya pili, hata kama mbingu ni nyeupe pe. Mwezi wa Julai, wingu linapoigandia Limuru tangu asubuhi hadi jioni, siku moja itatosha.

Hapo ndipo kosa lingine lililozaliwa na lile la kwanza linapojitokeza, nalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kidhibiti chaji, ambacho ni kifaa kinachosimama kati ya paneli na betri ili betri isijazwe kupita kiasi, kina pia matundu ya kutolea umeme, na matundu hayo hujifunga yenyewe betri inaposhuka, kwa kawaida karibu na volti 11. Lakini matundu hayo hayabebi zaidi ya ampea 20 au 30, ilhali inveta ya wati 2,000 inaweza kudai zaidi ya ampea 170. Kwa hiyo fundi hakuwa na njia ila kuifunga inveta moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, na kwa kufanya hivyo mlinzi wa betri akaachwa akilinda taa na feni pekee. Inveta yenyewe hujizima inapofika volti 10.5, kiwango ambacho betri ya risasi imekwisha kuvuka nusu yake zamani. Betri inayofikishwa hapo usiku baada ya usiku haitimizi mwaka wake wa pili, na mwenye gari atakuja kulaumu kiwanda cha betri.

Kwenye hasara hizo ziongezwe za nyaya. Kompresa ya friji, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, hudai wakati wa kuanza umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikiwa imeshazunguka, na kwa kitambo hicho kifupi waya wa betri huweza kupitisha ampea 100. Waya uliotumika ni wa milimita 16 za mraba, wenye urefu wa mita mbili kwenda na mbili kurudi, na kwa mkondo huo hupoteza zaidi ya volti 0.4 njiani. Saa kumi na moja alfajiri, betri ikiwa imechoka, upungufu huo ndio unaoifanya inveta ipige king'ora na kukata, ingawa waya huohuo ungekuwa mnene kupita haja kama ungepewa friji ya volti 12.

Wapo watakaojibu kwamba inveta nyingine zina hali ya kusinzia, ambapo hujizima na kuamka kila baada ya sekunde chache kutafuta mzigo. Jibu hilo lina nguvu kwa taa na mashine ya kusagia, si kwa friji yenye saketi ya kielektroniki ya kupimia joto, kwa sababu saketi hiyo hutumia umeme mdogo mno usioweza kuiamsha inveta, na inveta isipoamka saketi nayo haina umeme wa kuwashia kompresa.

Wazee wa kazi hii hawakuhitaji kuambiwa. Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani Harold Burris, pamoja na Mark Hankins aliyekuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya Karamugi, eneo la Meru, waliwafundisha vijana wa hapa kufunga sola kwa kuanza na karatasi ya mzigo, yaani orodha ya kila chombo, wati zake na saa zake kwa siku, na kitabu alichokitoa Hankins mwaka 1991 kuhusu mifumo midogo ya sola barani Afrika kiliuweka utaratibu huo mikononi mwa mafundi wengi. Katika nyumba zilizofuata, taa zilikuwa za volti 12 na hata luninga nyeusi na nyeupe za Great Wall zilipokea waya wa betri moja kwa moja. Nyumba nzima iliridhika na paneli ambayo leo ingedharauliwa na muuza duka, na inveta haikuulizwa habari zake. Fundi wa leo huanza na inveta kwa kuwa ndiyo yenye namba kubwa iliyoandikwa ubavuni.

Kazi nyingine zote katika gari hilo ni safi: paneli imeinuliwa ili hewa ipite chini yake, kidhibiti ni cha aina ya MPPT inayoitafuta volti yenye faida zaidi kwa paneli, na fyuzi zimewekwa karibu na betri. Hata kuilaza paneli bapa juu ya paa ni sahihi, kwani vile vishikio vya kuiegemeza, vinavyoigwa kutoka kwa magari ya Ulaya ambako jua la majira ya baridi hukaa chini, havina kazi karibu na ikweta.

Hoja pekee yenye uzito ni bei, kwani friji ya volti 12 yenye kompresa, mathalani zile zilizotumia mtambo wa Danfoss BD35 ambao sasa hutoka kwa jina la Secop, huuzwa ghali mara kadhaa kuliko ile ya nyumbani. Lakini friji ya namna hiyo yenye ujazo wa lita 40 hivi hutosheka na takriban wati-saa 450 kwa siku, na zikijumlishwa na zile 250 za vyombo vingine hupatikana 700, ambazo ndizo hasa zinazoletwa na paneli ileile iliyokwisha kununuliwa. Kuinusuru friji ya nyumbani kungehitaji paneli za wati zisizopungua 366, betri kubwa zaidi na nyaya nene zaidi, na tofauti ya bei ingekuwa imemezwa kabla ya betri ya kwanza kubadilishwa.

Friji hiyo iuzwe ingali mpya, inveta ya wati 2,000 irudishwe dukani pamoja nayo, na mahali pake pawekwe ya wati 300 yenye swichi karibu na mlango, iwashwe kwa ajili ya kompyuta na kuzimwa kompyuta ikishajaa.