Mikono Inayosoma Gome

Kwenye gome laini la mti ulio kivulini, juu huko vilima vya Iveti, mpita njia wa Machakos huona mabaka tu: la kijivu hapa, jeupe pale, jingine limejaa nukta nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa.

Mabaka hayo ni likeni, yaani kuvu iishiyo pamoja na mwani, na mjuzi wake husimama papo hapo. Hutoa kioo kinachokuza mara 10, hukibana karibu na jicho, kisha husogeza uso hadi gome lenyewe. Nukta zile ni mahali kuvu inapotengenezea spora. Akiona zimelala bapa, hazina ukingo, nyingine zimetawanya ncha mfano wa nyota, hulifikiria kundi la Arthonia, lililopewa jina na daktari Msweden Erik Acharius. Hukwaruza kidogo kwa ukucha. Rangi ya chungwa ikijitokeza, huyo ni mwani aitwaye Trentepohlia, mwenza anayeilisha kuvu kwa nguvu ya jua.

Mkaratusi hana haja nao sana, kwa kuwa aina zake nyingi hujichuna gome, na likeni za namna hii hukua taratibu mno. Hutafuta gome linalodumu, unyevu na hewa safi. Kuhusu hewa, mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander alionyesha kwamba likeni za Paris zilikuwa zikitoweka kwa sababu ya hewa chafu.

Uhodari wenyewe huonekana mezani. Nukta isiyofika hata milimita moja hutiwa tone la maji, ikakatwa kwa wembe mpaka kipande kipitishe mwanga. Kikiwa kinene, hakionekani kitu. Kikivunjika, hutafutwa nukta nyingine. Ndipo iodini huongezwa, na ute ulio ndani ukageuka buluu au mwekundu. Chini ya hadubini, spora za Arthonia radiata kwa kawaida huwa na vyumba vinne. Hakuna picha ya simu inayofika huko, na kwa hilo mikono hii inastahili heshima kubwa kuliko inavyopewa.

Mwingereza Swinscow, tabibu na mhariri wa jarida la tiba, pamoja na Hildur Krog wa Oslo, walichapisha mwaka 1988 kitabu kikubwa cha likeni za Afrika Mashariki. Kilihusu zile kubwa, zenye umbo la majani au vichaka. Utando wa nukta uliogandamana na gome haukuwa sehemu ya kazi hiyo, hivyo anayetaka kuutambua Iveti bado huanza na wembe.