Kuisoma Tena Kigogo Baada ya Juni 2024

Vijana wengi walioingia barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret mwezi Juni 2024 walikuwa wameshafanya mtihani kuhusu jambo walilokuwa wakilitenda. Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa. Kizazi kizima kilikariri sifa za Majoka, kikaeleza umuhimu wa Tunu na kuthibitisha kwa mifano kwamba Sagamoyo ina uongozi mbaya. Alama 20. Kalamu chini.

Sisemi kwamba kitabu ndicho kilichowatoa nyumbani. Kilichowatoa ni Muswada wa Fedha wa 2024, ambao katika mapendekezo yake ya kwanza ulitaka kutoza mkate ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16 na wenye magari ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mtu hahitaji fasihi ili ajue bei ya mkate. Swali langu limekaa upande wa pili: baada ya Juni ile, tamthilia hii tuisome vipi? Mimi nasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na naona bado tunaifundisha kana kwamba hakuna kilichotokea nje ya dirisha la darasa.

Tuanze na pale ilipoona mbali. Majoka analifunga soko la Chapakazi, mahali wanapopatia riziki watu wa kawaida, huku Sagamoyo ikijiandaa kusherehekea uhuru. Kenga, mshauri wake, anawapelekea wachongaji keki ya sherehe hiyo. Boza na Kombe wanakula, Sudi anakataa. Onyesho hilo dogo limebeba siasa nzito kuliko hotuba nyingi zilizomo mchezoni, kwa sababu linaonyesha jinsi utawala unavyonunua ukimya wa watu kwa makombo. Kuna pia agizo la Majoka la kufunga kituo cha runinga kilichoonyesha maandamano moja kwa moja. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipotoka kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja nyuma, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliviamuru vituo vya redio na televisheni visitishe matangazo ya moja kwa moja, mpaka Mahakama Kuu ilipolisimamisha agizo hilo. Hapo Kea hakutabiri. Aliijua tu tabia ya mamlaka yenye hofu.

Lakini kuna mahali tatu ambapo mchezo na mitaa viliachana, na hapo ndipo uhakiki unapopaswa kufanya kazi.

Kwanza ni Kingi. Majoka anapoamuru waandamanaji wapigwe risasi, mkuu wake wa polisi anakataa, na kutoka hapo utawala unaporomoka. Darasani tulimsifu Kingi kwa utu wake. Leo namwona kama suluhisho la haraka mno. Ni mhusika mdogo, ila amekabidhiwa mzigo wa kuokoa umati mzima kwa dhamiri yake peke yake. Nairobi, tarehe 25 Juni 2024, risasi zilifyatuliwa na watu wakafa karibu na Bunge. Tukiendelea kumsoma Kingi bila kumhoji, tunawafundisha vijana wategemee wema wa mwenye bunduki. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, haikuandikwa ili isubiri moyo wa afisa mmoja.

Pili ni Tunu. Sagamoyo ina shujaa mwenye jina, na umati unamfuata. Waandamanaji wa 2024 walijitambulisha kama watu wasio na kiongozi, wasio na kabila, wasio na chama. Wapo waliowacheka wakisema huo ni utoto wa mitandaoni. Ila turudi kitabuni: Tunu anavamiwa na kuvunjwa mguu, na anatembelea magongo, kwa sababu Majoka anajua hasa ni nani wa kuumizwa. Jina la kiongozi ni anwani, na miezi iliyofuata maandamano ya 2024, visa vya vijana waliotekwa vilionyesha kwamba anwani hiyo bado inatafutwa. Kwa hiyo kutokuwa na kiongozi kulikuwa ngao, na anayeiita fasheni hajausoma vizuri mguu wa Tunu.

Ngao nayo ina uzito wake. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia saini muswada ambao Bunge lilikuwa limeupitisha siku iliyotangulia. Tarehe 5 Julai alizungumza na vijana mtandaoni, na tarehe 11 Julai akalivunja karibu baraza lote la mawaziri. Huo ulikuwa ushindi, na aliyeudharau hakumbuki jinsi miswada ya nyuma ilivyopita. Kisha baraza likaundwa upya, baadhi ya waliofukuzwa wakarudi, na wengine wakatoka chama kikuu cha upinzani. Vijana waliolitikisa baraza hawakuwa na mtu mezani lilipopangwa upya. Asiyetuma mjumbe hasalitiwi na mjumbe, kweli, lakini pia hasikiki mlango ukifungwa.

Mahali pa tatu ndipo panaponisumbua zaidi, nao ni mwisho. Tamthilia inafunga pazia utawala unapoanguka na watu wako na Tunu. Soko litasimamiwa na nani? Kodi itakuwa kiasi gani? Wale wa Sagamoyo waliokula keki watawekwa wapi? Kea hakulazimika kujibu. Tamthilia si bajeti. Ila sisi tunaofundisha tumeugeuza mwisho huo kuwa jibu, tukawaacha wanafunzi waamini kwamba kigogo akianguka, kazi imekwisha.

Naona waandamanaji wenyewe walikuwa na fasihi iliyokomaa kuliko yetu. Walimpa rais jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka, wakaimba: Zakayo shuka! Maneno mawili tu. Tafsiri ya haraka ni: ondoka madarakani. Lakini katika kisa chenyewe Zakayo hashuki ili atoweke. Anashuka mtini, anakaribisha mgeni nyumbani, anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Kushuka ni mwanzo wa hesabu. Aliyeichagua picha hiyo, awe alikusudia au la, alidai jambo ambalo pazia la Kigogo halikulifikia: kurudisha.

Kurudisha kunahitaji watu wanaokaa vikaoni wakati hakuna kamera. Katiba inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi 34, na imetenga viti 12 vya wabunge wa kuteuliwa kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Viti hivyo hugawanywa na vyama, vile vile ambavyo vijana walivikataa. Iko pia mikutano ya umma ya kujadili bajeti za kaunti. Huko hakuna wimbo, na hakuna Kingi wa kutuokoa.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kabla ya hapo, ombi langu kwa walimu na wahakiki wenzangu ni dogo: tuache kuuliza darasani kama Tunu ni shujaa. Wanafunzi wanalijua jibu, na baadhi yao walilijibu barabarani. Tuwaulize nani atashika funguo za Chapakazi siku ya pili, na kwa masharti yapi. Tuwape kurasa tupu baada ya onyesho la mwisho, waandike linalofuata. Ikiwa hawataliandika wao, yule aliyeleta keki hajaenda mbali.