Polepole Mbele ya Macho: Uhakiki wa Mtindo wa René Lavand

Karata sita ziko mezani, tatu nyekundu na tatu nyeusi. Mwanamazingaombwe René Lavand anazipanga kwa kupishanisha: nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, mpaka zinakwisha. Anazikusanya. Anapozifunua tena moja moja, nyekundu zote ziko pamoja na nyeusi zote ziko pamoja, kana kwamba hazikuwahi kuchanganywa. Mpaka hapa hajafanya jambo geni. Wachezaji wa karata huuita mchezo huu mafuta na maji, na kila mmoja ana namna yake ya kuucheza. Cha Lavand mwenyewe ni kile kinachofuata. Anasema atarudia, safari hii polepole zaidi. Anarudia. Anarudia tena, polepole kuliko hapo, kisha anatamka kwamba haiwezekani kuufanya mchezo huu polepole kuliko hivi. Ananyamaza. Halafu anaongeza: au labda inawezekana.

Wanaojifunza mazingaombwe huambiwa mapema kwamba watafute mtindo wao, na wengi hukimbilia nguo, muziki, ndevu na namna ya kusalimia ukumbi. Vitu hivyo huvaliwa na kuvuliwa bila mchezo kubadilika. Lavand anaonyesha kwamba mtindo ni sharti ambalo mchezaji anajifunga nalo mbele ya watu, na sharti hilo ndilo linaloamua kila kitu kingine: mwendo wa mkono, urefu wa sentensi, mahali pa kunyamaza. Ukiliondoa, hutabaki na mchezo ule ule uliopungua urembo. Unabaki na mchezo mwingine kabisa.

Ni rahisi kudhani kwamba sharti lenyewe lilikuwa kukosa mkono mmoja. Lavand, aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1928 kwa jina la Héctor René Lavandera, alipoteza mkono wa kulia katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka tisa, naye alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Vitabu vya karata vilivyokuwapo vilimfundisha msomaji mwenye mikono miwili, kwa hiyo alilazimika kujibunia mbinu za mkono wa kushoto peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa benki huko Tandil, mji wa mkoa wa Buenos Aires. Mwaka 1960 alishinda shindano la mazingaombwe, akaacha benki na kuingia jukwaani. Mapema katika muongo huo alionekana pia kwenye televisheni ya Marekani, katika kipindi cha Ed Sullivan.

Lakini tazama anavyoketi. Koti limenyooka, mkono wa kulia wa koti umeingia mfukoni kama wa mtu aliyetulia tu, na uso hauombi huruma. Angeweza kuutangaza upungufu wake na kuvuna makofi kabla hajagusa karata. Badala yake anatangaza mwendo. Hakuchagua kupoteza mkono, ila polepole aliichagua mwenyewe, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya awe msanii wa fani yake badala ya kuwa kisa cha ushujaa.

Uchaguzi huo unagusa mzizi wa kiinimacho. Kwa kawaida mkono mmoja hualika macho ili mwingine ufanye kazi yake, na wepesi hufunika kilichobaki. Aliyewahi kusimama kwenye mchezo wa karata tatu karibu na stendi ya mabasi anaijua hila hiyo: karata zinazungushwa kwa kasi, na ukishindwa unajilaumu kwamba macho yako yamechelewa. Kasi humpa mtazamaji kisingizio, na kisingizio ni aina ya faraja. Lavand anamnyang'anya. Hakuna mkono wa pili wa kushuku, wala hakuna kasi ya kulaumu. Jicho lina mahali pamoja tu pa kutazama na muda wote linaoutaka, na bado halioni. Kushindwa kwa mtazamaji kunakuwa kukubwa zaidi kwa sababu amepewa kila nafasi ya kushinda.

Kazi ya mkono uliokosekana, hata hivyo, lazima ifanywe na kitu. Sehemu yake inakwenda kwa meza. Kwa wachezaji wengi meza ni pa kuwekea vitu. Kwa Lavand ndiyo inayopokea, kushikilia na kusubiri, na kila karata hulazwa juu yake kwa uangalifu wa mtu anayemkabidhi mwenzake amana. Sehemu nyingine inakwenda kwa sauti. Mkono wake unaposimama, sauti inaendelea. Sauti inapokatika, mkono unaanza. Ni mara chache viwili hivyo vinakwenda kwa pamoja. Ndiyo maana polepole yake haichoshi: daima kuna kitu kimoja kinachotembea na kingine kinachongoja zamu.

Sasa turudi kwenye kurudia. Mojawapo ya kanuni kongwe za fani hii, ambayo mara nyingi huhusishwa na Mmarekani Howard Thurston, humkataza mchezaji kurudia mchezo mbele ya watazamaji wale wale, kwa kuwa mara ya pili wanajua wapi pa kutazama. Lavand anaivunja kanuni hiyo na kuugeuza uvunjaji wenyewe kuwa umbo la mchezo. Msomaji wa mashairi ya arudhi ataelewa haraka, kwa sababu kibwagizo hufanya kazi hiyo hiyo: mshororo haubadiliki, lakini kila ubeti unaourudisha unauongezea uzito. Katika mzunguko wa kwanza, karata kujitenga ni mshangao. Katika wa pili tunajua mwisho, na tunachotazama ni njia. Kufikia wa tatu hata njia tumeikariri, na kinachobaki ni kulihesabu deni: ameahidi kwenda polepole zaidi, je, ataweza kulipa?

Sentensi yake ya mwisho inalifunga deni hilo kwa ustadi. Nusu ya kwanza, kwamba haiwezekani kwenda polepole kuliko hivi, inafunga mlango kwa sauti ya fundi anayejua mipaka ya kazi yake. Ukumbi unapumua. Nusu ya pili, ile labda, inaufungua mlango ule ule bila kelele. Angalia pia nani anayeonekana kuwa na shaka. Mchezaji wa kawaida hudai uwezo na kumwachia mtazamaji shaka. Lavand anaichukua shaka kwanza, anaionja mbele yetu, kisha anaishinda. Kwa hiyo tunamwombea afaulu, jambo ambalo ni nadra katika fani ambayo nusu ya ukumbi huwa imekuja kumnasa mchezaji.

Ili kuona kwamba hili halikutokana na tabia yake tu, mtazame Cardini, Mwelsi aliyezaliwa 1895 kwa jina la Richard Valentine Pitchford. Katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya mazoezi ya karata akiwa na glavu kwa sababu ya baridi, na baadaye akapanda jukwaani na glavu pia, safari hii nyeupe, pamoja na miwani ya jicho moja na suti ya jioni. Anaigiza bwana aliyelewa kidogo, ambaye karata zinamtokea mkononi bila yeye kuzitaka. Anazitupa, nyingine zinakuja. Sharti alilojiwekea ni kwamba mchezaji asijue kinachoendelea. Yeye pia alianza na kizuizi, na yeye pia hakukiuza kizuizi chenyewe: hakuna anayeambiwa habari za mahandaki. Kilichobaki jukwaani ni umbo lililozaliwa humo.

Kinyume chake ni wimbi la waigaji lililofuata kipindi cha televisheni cha David Blaine cha mwaka 1997. Blaine alikuwa na wazo la umbo: kamera imwache mchezaji na kuzigeukia nyuso za wanaotazama barabarani. Wengi waliomfuata walichukua fulana nyeusi na sauti ya chini, wakaliacha wazo. Jambo hilo lilishatokea zamani. Jean-Eugène Robert-Houdin alipofungua ukumbi wake Paris mwaka 1845, aliacha majoho ya kichawi na kuvaa kama mgeni yeyote aliyealikwa kwenye sebule ya waungwana. Maana yake ilikuwa kwamba mchezaji ni mmoja wetu. Vizazi vilivyofuata viliirithi suti hiyo huku watu wakiwa wameacha kuivaa sebuleni, ikageuka sare ya kazi, yaani kinyume kabisa cha alichokusudia.

Hata Lavand hayuko salama na kosa la namna hiyo. Alipenda masimulizi, na mengine aliandikiwa na waandishi wenzake, mmoja wao Rolando Chirico. Katika baadhi yake, habari za wacheza kamari na mahaba zinatangulia, karata zinafuata kama picha za kitabu. Hapo sharti linalegea. Maneno ni mazuri, sauti ni ile ile nzito, lakini hakuna ahadi iliyowekwa mezani ambayo mkono unapaswa kuilipa.

Kuna kipimo chepesi cha kuitambua tofauti hiyo: zima sauti. Kanda ya Cardini ya mwaka 1957 haipotezi kitu, kwa sababu sharti lake lote liko mwilini. Mafuta na maji ya Lavand, bila sauti, yanapoteza deni. Mkono unarudia jambo lile lile na hujui kwa nini, maana sauti ilikuwa sehemu ya mashine. Katika yale masimulizi marefu, ukizima sauti mchezo wa karata unabaki ulivyokuwa, na hiyo ndiyo dalili kwamba maneno yalikuwa vazi. Anayetafuta mtindo wake ajirekodi na ajipime hivyo, kipengele kimoja baada ya kingine: sauti, vazi, muziki, mwendo. Kile ambacho kikiondolewa mchezo unasimama vile vile, akiache. Kile ambacho kikiondolewa mchezo unaanguka, akifanyie kazi mpaka kiwe chake, na asishangae kikitumia miaka mingi kama ile aliyoitumia karani mmoja wa benki huko Tandil.